Nimeitwa Vyuo Viwili, Pacha Wangu Kimoja

Mhariri, jina langu unalo lakini naomba ulifiche. Wasomaji niiteni Kulwa tu. Huku kwetu Usukumani mapacha wote ni Kulwa na Doto, kwa hiyo hamtakuwa mmenitaja. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, naishi na wazazi wangu Igogo, Mwanza. Doto ni mdogo wangu kwa robo saa, na hiyo robo saa ndiyo kitu pekee nilichowahi kupata peke yangu.

Sijui kwenu mapacha wanalelewaje. Kwetu anachofanyiwa mmoja afanyiwe na mwenzake, la sivyo yule aliyenyimwa ataumwa, hata kufa. Gauni likishonwa ni mawili. Nikivunja chungu tunachapwa wote. Nilipokuwa darasa la tano nilikwenda likizo kwa mjomba Misungwi, nyuma Doto akashikwa na homa. Ilikuwa malaria, nusu ya mtaa walikuwa wanaumwa, lakini nilirudishwa mbio, na hadi leo shangazi anaihadithia.

Mwaka huu niliomba vyuo viwili, uuguzi na ualimu, na Doto akaomba hivyo hivyo. Majibu yametoka: mimi nimeitwa kote, Doto ameitwa ualimu tu. Nilifurahi mchana mmoja. Jioni baba akasema, "Basi, mtakwenda ualimu wote." Hakuuliza mtu. Aliendelea kula.

Jamani, mimi nataka uuguzi. Baba mwenyewe alipunguzwa kiwandani, sasa anauza mitumba, anajua ajira za siku hizi zilivyo. Dada wa jirani amemaliza ualimu na yuko nyumbani anachambua dagaa, wakati zahanati za watu binafsi zinafunguliwa kila kukicha. Na hata kama ajira isingekuwepo, bado ningetaka. Nilimuuguza bibi mpaka siku yake ya mwisho, nikajua kazi yangu ni hii.

Nikaenda kwa shangazi, dada yake baba, nikitegemea atanitetea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Unataka kumuua mwenzio?"

Nikamwambia Doto ana miaka ishirini, hanyonyi. Akasema nina mdomo. Ni kweli, ninao.

Akabaki Doto mwenyewe. Tulikuwa tunafua ziwani, nikamwomba amwambie baba kwamba kuachana na mimi hakumtishi. Akafikicha shuka weee, halafu akasema, "Kwani nani kakwambia nataka ualimu? Niliomba kwa sababu uliomba. Mimi ningekwenda Igoma kwa yule mama fundi, nijifunze kushona."

"Sasa mbona husemi?"

"Nikisema siendi, na wewe huendi. Si unawajua? Bora twende wote kuliko tukae wote."

Nilirusha sabuni majini kwa hasira, na ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Yaani mimi naenda kwa ajili yake, yeye anaenda kwa ajili yangu, na chuo chenyewe hakuna anayekitaka.

Nikamwambia twende tukamweleze baba kwa pamoja. Tukaenda. Baba alitusikiliza vizuri kabisa, akamaliza akasema kwa kuwa mmoja hataki kusoma, basi wote tutabaki nyumbani tushone. Mama alimbembeleza siku nzima ndipo akaturudishia ualimu, na ikabidi tumshukuru.

Sasa mama amenunua masanduku mawili ya bati, yote ya bluu. Jana alinipima sketi ya chuo, akakata vitambaa viwili bila hata kumwita Doto. Vyuo vyote viwili vinafunguliwa wiki moja, mwezi ujao.

Wasomaji, nimechoka. Nikiondoka peke yangu kwenda uuguzi, Doto akiumwa hata kichwa, mwaka wowote, hata tukiwa vikongwe, itasemwa ni mimi. Na siwezi kuwadanganya, kuna siku hata mimi nitaamini. Nisipoondoka nitakuwa mwalimu mwenye kisirani, na watoto wa watu watanikoma. Nishaurini, nifanye nini?

Doto amesimama nyuma yangu anasoma ninachoandika, ananiambia niandike "tushaurini". Siandiki. Mkijibu, tafadhali nijibuni mimi.