Kibao cha Kwapa

Mke wangu alipoanza kuumwa mguu tulikuwa bado tunaishi kwetu, mbali kidogo na stesheni ya Igalula, nyumba moja hapa, nyingine kule, kila mtu na shamba lake. Mimi nilikuwa seremala, ufundi nilioupata Ng'ambo, Tabora mjini. Uvimbe wa gotini uliendelea mpaka mguu ukawa haukanyagi. Hospitali walimpa dawa na gongo la kwapani. Kichwa cha gongo lile kilikuwa kimenyooka kama kizingiti cha mlango, na haukupita muda kwapa likawa kidonda. Nikakasirika, nikalitupa uani.

Nikamchongea la mninga. Kuchonga si kazi. Kazi ni kulainisha. Kwapa halina mahali palipo sawa hata kidogo. Ukisugua kwa kibao cha kawaida unaacha matuta, na ukishika msasa kwa vidole, vidole vinachimba mashimo. Unahitaji kibao chenye umbo lake yeye. Basi nikayeyusha nta ya nyuki, nikaiacha ipoe hadi ikafinyangika kama ugali, nikaifunga kitambaa, naye akaibana kwapani huku akicheka kwamba namtekenya. Asubuhi, baridi ilipokuwa imeikaza, nikaitandikia msasa, upande wa makali ukiwa juu, nikasugulia hapo kipande cha mti laini, taratibu, mpaka kikabonyea sawasawa na nta ilivyojaa. Kibao hicho kilikuwa kwapa la mke wangu. Nikabandika msasa katika bonde lake, nikakipitisha kwenye kichwa cha gongo hadi pasibaki pa kumkwaruza.

Akatembea. Nilimpenda akitembea vile, kidevu juu, akijifanya hanioni.

Kisha tukatangaziwa kuhamia kijiji cha ujamaa, kando ya njia ya zamani ya misafara. Lori lingekuja kuchukua watu na vyombo. Wazee walinuna, vijana wakaimba. Mimi niliwaza mguu tu. Mwenyekiti, mtu mwema kwa kweli, akasema wagonjwa watabebwa kwa machela kutoka kwenye lori hadi viwanjani kwao. Mke wangu akamsikiliza, akamshukuru, na alipoondoka akanigeukia.

"Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Tunabeba, hatubebwi. Nitaingia kijijini kwa miguu yangu, fundi, la sivyo niache hapa hapa."

Tatizo ni kwamba alikuwa anakonda. Gongo lililomkaa vizuri wakati wa mavuno likaanza kumpwaya. Nikayeyusha nta upya, akaibana, nikatengeneza kibao kingine, nikapunguza mti. Kabla ya mvua, vivyo hivyo tena. Kila kibao kilitoka na bonde jembamba kuliko kilichotangulia. Nilikuwa napima kifo cha mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia. Yeye aliniuliza tu kama gongo liko tayari.

Siku ya lori alishuka mwenyewe. Alitembea hadi kiwanja chetu watu wakimpisha, akaketi kwenye gogo, akaomba maji. Hakutembea tena mwendo mrefu kama ule. Nyumba yetu ilikuwa haijaezekwa alipofariki, na kaburi lake likawa la kwanza katika kijiji kile.

Matanga hayajaisha vizuri, mwenyekiti akaja. Akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami nikatamani kumfukuza. Kumbe alikuwa na haja. Mama mmoja jirani alikuwa amevunjika nyonga, anatambaa hata kwenda chooni, na mbao zote za kijiji zilikuwa bado mbichi. Gongo la mninga lilikuwa limelala bure ndani kwangu. Alisema kweli, ila lisingemfaa vile lilivyokuwa. Lingemchubua kama lile la hospitali lilivyomchubua mke wangu.

Nikaenda kwa yule mama na gongo na nta. Akakishika kichwa cha gongo, akakipapasa kwa muda.

"Pole sana, kaka. Marehemu alikuwa mwembamba hivi?"

"Hapana," nikasema. "Hakuwa hivi."

Akalia, nami nikalia. Kisha nikayeyusha nta, akaibana kwapani, nikaenda kutengeneza kibao chake. Nikaketi uani, nikakipitisha kwenye kichwa cha gongo, nikisugua mgongo wake mwembamba ushuke na kupanuka. Vumbi jekundu la mninga likanijaa mapajani. Pale mke wangu alipokuwa akiegemea pakaisha kidogo kidogo, mpaka nilipopitisha kiganja sikumpata tena.