Jina Mgongoni

Ukitaka kumuudhi Vernon Hruska, mwonyeshe jezi ya nyumbani yenye jina mgongoni. Nimeuza jezi katika duka la Korongo, timu ya besiboli ya mji wetu wa Ashby, Iowa, kwa miaka ishirini na sita, na sijapata mteja mwenye maneno kama yeye. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa mabasi ya shule, na bidhaa zetu alizikagua kama anayetafuta breki mbovu.

"Darla, hii nini?" atauliza, ameishika kwa vidole viwili jezi ya Jumamosi, ya waridi, yenye michoro ya mahindi.

"Jezi ya Jumamosi, mzee."

"Hii ni shuka ya mtoto mchanga. Mrushaji akivaa hii atamtisha nani?"

Siku ya kugawa wanasesere, wale wenye vichwa vya kutikisika wanaopewa watu elfu wa kwanza, alifika saa mbili kabla geti halijafunguliwa. Akapokea wake, akamgeuzageuza, akatangaza kwamba hafanani na mchezaji yeyote bali na shemeji yake wa Nebraska. Hata hivyo alimpeleka nyumbani, kwenye rafu pamoja na wenzake. Wenye tiketi za msimu wanaruhusiwa kuingia nusu saa mapema kutazama mazoezi, na hiyo aliipenda. Punguzo la dukani alilidharau. "Unanipunguzia bei ya kitu nisichokitaka," alisema.

Lakini majina ndiyo yaliyompandisha mori. Korongo nyumbani huvaa nyeupe tupu, namba tu mgongoni, na Vernon aliilinda desturi hiyo kama sheria. "Ugenini waandike jina, sawa, kule hawakujui," alisema. "Nyumbani jina la nini? Nyumbani watu wanakujua."

Sasa, mkewe Opal alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kucheka hovyo. Ulipotimia mwaka wa thelathini wa ndoa yao alikuja kwangu akataka jezi nyeupe, saizi ya Vernon, ishonwe HRUSKA mgongoni. Nilimwonya. "Wewe shona tu, Darla," aliniambia, "mengine niachie mimi." Vernon aliifungua zawadi yake hapa hapa kaunta, watu wakitazama. Akanuna.

"Rudisha."

"Iliyoshonwa jina hairudishwi, mzee. Bango lile pale."

Opal akaichukua, akaivaa juu ya gauni. Ikamfika magotini. "Basi nimesajiliwa mimi," alisema, akatoka kifua mbele. Kuanzia siku hiyo aliivaa kila mchezo, miaka kumi na minne, kwenye kiti namba kumi na mbili, pembeni ya kumi na moja cha mumewe. Vernon alikuwa akipita dukani ananong'ona, "Nimeoa tangazo," na ilikuwa wazi kwamba anafurahi.

Opal alifariki Machi, wiki tatu kabla ya msimu kuanza. Vernon alilipia viti vyote viwili kama kawaida. Alikaa kwenye kumi na moja na penseli yake ya kuandika alama, na kwenye kumi na mbili akaweka mfuko wa karanga. Dukani alipita bila neno. Tulitoa kofia mpya ya zambarau, chukizo kabisa, nikaiweka mbele makusudi. Akaitazama, akasema, "Nzuri," akaenda zake. Niliumia. Nilitamani aitukane.

Na uwanja nao ulikuwa unambadilikia. Lyle, aliyesimama getini tangu enzi, alihamia Arizona kwa binti yake. Wakaja vijana waliofundishwa kumwambia kila mtu, "Karibu, mgeni wetu." Hilo lilimchoma.

"Mgeni!" aliniambia. "Nilikuwa naingia hapa kabla choo cha wanawake hakijajengwa!"

Julai klabu ikatuma barua. Kiti cha msimu ambacho tiketi yake haikupita getini hata mara moja mpaka mchezo wa mwisho kitauzwa kwa mwingine mwaka ujao. Na getini ni mtu mmoja, tiketi moja. Vernon alikuja nayo dukani, imekunjwa mara nne.

"Mara moja tu, Darla. Mtu mmoja, mchezo mmoja."

Nilielewa kwamba ananiomba mimi. Hakuwa na mtoto, na dada yake wa Nebraska nyonga zilikuwa zimemshinda.

"Mzee, unajua dukani kulivyo Agosti."

"Najua, najua," alisema, akaikunja barua yake.

Nilisema kweli, ila si kweli yote. Niliogopa kukaa kwenye kiti cha Opal na kusikiliza duru tisa za ukimya wa mtu mwingine. Ukimya wangu wa nyumbani unanitosha.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Jumapili ya Septemba, saa saba mchana. Vernon aliingia dukani amevaa ile jezi. Zamani ingemkaa sawasawa, sasa ilimning'inia mabegani.

"Binti wa getini ameniita jina," alisema. "Nimeshampita, nasikia nyuma, 'Mchezo mwema, Bwana Hruska!' Moyo ukaruka. Nikageuka, nikamwangalia vizuri, nikawa natafuta ni mtoto wa nani, labda nilimbeba kwenye basi." Akagusa kola. "Halafu nikakumbuka nimevaa nini."

Nilitamani ardhi inimeze. "Nakuja," nilimwambia. "Duru ya saba, watu wakisimama kuimba kama desturi. Nipe tiketi, nitatoka nje niingie getini wanihesabu."

"Usijisumbue."

"Nipe tiketi, mzee!"

Akanipa. Alikuwa ameilazimisha klabu iichape kwenye karatasi, tiketi za simu hakuzitaka.

Ilikuwa siku ya kumaliza stoo. Watu walijaa kama siafu. Uwanja uliposimama kuimba niliusikia kupitia ukuta, nami nilikuwa nimeinama natafuta kofia ya mtoto, kichwa kikubwa, mama yake hataki ya zambarau. Nilipochomoka ilikuwa duru ya tisa, ya mwisho. Nikatoka nje mbio, nikarudi kwa geti kuu.

"Mashine ya kusoma tiketi tumeizima, Darla," yule binti alisema. "Tunazima mwisho wa duru ya nane."

Nilishuka ngazi hivyo hivyo, tiketi mkononi. Kutoka juu niliona migongo myeupe mingi, namba tupu, na mmoja tu wenye jina. Kiti namba kumi na mbili hakikuwa na karanga. Alikuwa amezihamishia mapajani na kukipangusa kiti, leso ingali juu ya mkono wa kiti.

Nikakaa. "Nimechelewa."

"Umechelewa," alisema, akanisogezea mfuko.

"Huyu anayepiga ni nani?"

"Ungekuwa unakuja ungemjua."

Mpigaji wetu alitolewa, Korongo wakashindwa, watu wakaondoka. Tulibaki sisi wawili mpaka wafagiaji wakafika kwenye safu yetu.

Kiti kiliuzwa. Mwaka huu anakikalia daktari wa meno, mtu mpole anayetazama simu yake tangu duru ya kwanza. Vernon anakuja kila mchezo na jezi ile. Vijana wote wa getini sasa wanamwita Bwana Hruska akishapita, naye huinua mkono bila kugeuka.

Dukani amerudia maneno yake, kidogo kidogo. Juzi aliiita ile kofia ya zambarau biringanya. Nami kila nikimwona mlangoni, angali amenielekea uso, naacha mteja niliye naye namwita kwa sauti: "Vernon Hruska!" Namwahi kabla hajanipa mgongo, ajue sikulisoma popote.