Sarafu Chini ya Bwawa la Mzee Gaspar

"Hata ng'ombe, Benedikto! Hata ng'ombe wa kwetu Rombo, tena wa kiangazi, mwenye kiu ya siku tatu, ukimletea maji haya anakutazama usoni anakuuliza, mie nimekukosea nini?"

Mama Clara alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, khanga ya msiba kiunoni, kidole kimenyooka. Mbele yake maji yalikuwa meupe, mazito, kama togwa la sherehe iliyoahirishwa. Benedikto, mtunza bwawa, alikuwa ameegemea mti wake wa brashi.

"Mama, maji yamelala mwezi mzima bila pampu."

"Pampu, pampu! Jumamosi ni misa ya arobaini ya mume wangu, hapa hapa uani. Watu wakae wanaliangalia togwa?"

"Pampu aliizima shemeji yako Adelard."

"Kwa heshima! Msibani mashine inanguruma kama ya kusaga, we ungesemaje?" Akavuta pumzi. "Sikia. Ijumaa yasipong'aa, Adelard analeta kifusi. Tunafukia, tunapanda migomba. Basi."

Benedikto akaitumbukiza brashi majini. Adelard alizima swichi usiku wa kwanza wa matanga, kisha ukoo mzima ukasafiri na mwili kwenda kuzika Rombo, na Benedikto akaambiwa apumzike mpaka aitwe. Swichi ikasahaulika. Na maji ni kama mtu, yasipozunguka yanaoza. Ongeza majivu ya majiko ya msiba, ongeza wale kina mama waliosuuzia humo masufuria ya pilau wakidhani hawaonekani. Hapo hata malaika angeomba likizo.

Ila togwa lile la msiba halikumtisha. Lililomkosesha usingizi ni la kabla yake, ambalo Mama Clara hakuwahi kuliona.

Benedikto alizaliwa Newala, juu kule kwenye uwanda ambako maji yalikuwa yanapandishwa mlima kwa kichwa. Mama yake alikuwaga na kipande cha shabu amekifunga kwenye uzi. Anakizungusha kwenye ndoo ya maji ya matope, anakitoa, halafu hakuna kuigusa ndoo mpaka uchafu wote ukae chini. Mtoto akiitikisa, kofi. Mtu aliyekulia hivyo, maisha yakaja kumkabidhi bwawa zima la Salasala, la watu wawili wazee. Kila alfajiri anatoka Keko anavuka jiji kwenda kulinda maji yasiyonywewa. Ndugu zake walicheka mpaka wakachoka.

Mzee Gaspar, mume wa Mama Clara, karani mstaafu, naye alikuwa hana habari na bwawa lile mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kushoto. Daktari akasema atembee ndani ya maji. Tatizo, mguu ule haukuwa na hisia kabisa. Ili aupeleke mbele ilibidi auone. Maji yakiwa na ukungu, mguu umepotea na Mzee kapotea nao.

Ndipo akatunga sharti. Kila asubuhi anarusha sarafu ya mia mbili kwenye kina, wanainama wote wawili.

"Kichwa au simba?"

"Simba, Mzee."

"Mkosi!" Mzee alikuwa Yanga wa kufa. "Wewe mla panya umewageuza kwa uchawi wa Newala."

"Ningekuwa na uchawi ningeacha Mchaga anilipe nusu mshahara?"

Wakiitambua sarafu, wanaingia. Wasipoitambua, hakuna kuingia, na Mzee mwenyewe ndiye aliyeapa hivyo. Benedikto anamshika kiuno, wanatembea upana wa bwawa mara kumi, mara kumi na tano, Mzee akiutukana mguu wake kama mtumishi mvivu. Miezi minane hiyo. Ukiwaona ungedhani mtu na mdogo wake.

Sasa, jioni moja mvua ilimwaga udongo bwawani. Kidogo tu. Benedikto akatia shabu. Na shabu masharti yake ni yale yale ya ndoo: unazima pampu, unaacha maji yalale. Lakini jioni hiyo mpwa wake, binti wa dada yake Anastasia, alikuwa anatolewa unyagoni kule Keko, na kwa Wamakonde mwali hatolewi mjomba hayupo. Simu inaita, mjomba uko wapi, mjomba wanakusubiri. Mjomba akaona aiache pampu izunguke, ichanganye upesi, kesho mambo safi. Akakimbia. Akacheza ngoma mpaka kiatu kikaachia soli.

Asubuhi, maziwa. Pampu ilikuwa imekoroga uchafu ambao shabu ilitaka kuulaza.

Mama Clara alikuwa kwenye misa ya alfajiri. Mzee akatoka na taulo shingoni, akarusha sarafu. Ikazama ikapotea.

"Kichwa au simba?"

"Sioni, Mzee."

"Hata mie sioni. Twende hivyo hivyo."

"Haiwezekani. Sharti lako mwenyewe."

"Bene, mguu umeamka vizuri leo. Usiniudhi."

"Kesho, Mzee. Nakuomba."

Mzee akamtazama, akatupa taulo. "Basi natembea nchi kavu. Tena bila fimbo, nikuoneshe." Akapiga hatua moja, ya pili. Ya nne akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka na safari, akajilaza kwenye vigae. Hakuamka.

Hospitali walisema kiharusi kile kingemkuta popote, hata kitandani. Benedikto aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni. Sikio lilikubali, moyo ukagoma. Na msibani nani anamuuliza mtunza bwawa? Anatumwa viti. Alibeba viti mia na themanini, akavipanga, akavipangua.

Siku nne hizo kabla ya Ijumaa alifanya kazi kama anayelipa dhambi. Akachota majani. Akasugua kuta. Akafungua chujio la mchanga, akalipitisha maji kinyume mpaka uchafu wake ukaisha kutoka. Akapima kwa yale matone ya rangi, akaweka dawa jua lilipozama, isiliwe na jua, akaacha pampu ikimbie mpaka asubuhi. Alhamisi jioni akatia shabu, akazima pampu, akakaa pembeni ya swichi kama askari, asije mtu kuigusa. Dada yake alipopiga simu kumwita kwenye kikao cha ukoo, alisema, "Mjomba hayupo."

Ijumaa alfajiri uchafu wote ulikuwa umelala chini kama zulia. Akaingiza brashi ya kufyonza, polepole, akiyamwaga maji machafu nje kwenye mtaro. Alipofika kwenye kina, brashi ikasimama.

Sarafu. Pale pale ilipoangukia. Akaizunguka kwa mbali, kama mtu anayefagia asimwamshe aliyelala, akaiacha.

Mama Clara alitoka na kikombe cha chai. Alitazama maji kwa muda mrefu. Ungeweza kuhesabu vigae vya chini.

"Mh! Adelard na kifusi chake akakitie chumbani kwake," alisema, sauti imelainika. "Bene, hongera. Gaspar angefurahi." Kisha akainama. "Ile nini pale?"

"Sarafu, Mama."

"Ya kwake?"

"Ya kwake."

Akakaza macho. "Simba wako juu. Maskini, angetukana mpaka mchana." Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga. Halafu kicheko kikakatika. Alikuwa anahesabu. "Ulikuwaga unaitoa kila mkimaliza. Kwa hiyo hii ni ya siku ile. Aliirusha?"

"Aliirusha, Mama."

"Na taulo nililikuta vigaeni, kavu." Aliweka kikombe chini. "Sasa, Bene, kama alijiandaa, akarusha na sarafu, mbona hakuingia kwenye maji?"

Benedikto alikunja mpira wa kufyonzea, mkunjo juu ya mkunjo, akautundika begani. Akaokota ndoo. Akapita kando ya vile vigae bila kuvikanyaga, akaelekea getini, na maji nyuma yake yalikuwa yanang'aa mpaka chini.