Majani Getini kwa Baba

Watu wakiniuliza tulikutana wapi, huwa nasema dukani halafu nanyamaza, maana ukweli wenyewe hauna utamu wowote. Tulikutana kwa sababu ya minyoo ya ndama. Mama yangu ana duka la dawa za mifugo mtaa wa Levolosi, na mimi ndiye niliyekuwa nasimama kaunta. Akaingia kijana mrefu, viatu vimejaa matope, akataka dawa ya minyoo, chupa kubwa. Nikamuuliza ndama ana ukubwa gani. Akanyoosha mkono kiunoni kunionyesha kimo, akafikiri kidogo, akaushusha hadi gotini.

"Kaka, hapa hatupimi kwa mkono," nikamwambia. "Nenda kamwangalie vizuri ndama wako, ndipo urudi."

Akacheka. Mteja mwingine angeondoka huku ananitukana.

Jumamosi iliyofuata akarudi kutaka dawa ya kupe. Akaja tena, dawa ya kuhara. Alikuwa fundi umeme, wiki nzima anafunga nyaya kwenye nyumba za watu Kijenge, na mwisho wa wiki anapanda kwao upande wa Oldonyosambu kumsaidia baba yake mahindi na ng'ombe. Alipofikia dawa ya macho nikachoka.

"Hivi kwenu ni zizi au ni wodi?"

Akatazama chini. "Ng'ombe wote wazima," akasema. "Mimi ndiye siko sawa."

Jamani! Mimi nina mdomo, Levolosi nzima inajua, lakini siku ile mikono ilitangulia. Niliichukua ile chupa nikairudisha kabatini, nikamwambia aje jioni tunywe chai.

Nilimpenda kwa utulivu wake. Kwetu tunaongea wote kwa pamoja na anayesikilizwa ni mwenye sauti kubwa. Yeye alikuwa ananiacha nifoke mpaka niishiwe, halafu anauliza, "Umeshakula?" Alikuwa akiniletea maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, ambayo mwanzoni nilikuwa namwagia paka. Baadaye paka akawa ananililia bure.

Tatizo lilikuwa baba. Baba ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki wa kusali kila siku, na nilipomtajia habari zangu aliweka kikombe mezani. "Mwarusha?" akauliza. "Tena Mlutheri?" Mpaka leo sijui lipi lilimuuma zaidi. Mama alimbembeleza miezi na miezi, na hatimaye akakubali: wazee wao waje nyumbani Sekei, walete posa.

Mama akapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Anayeijua mbege anajua kwamba ikishaiva haina simile, usipoinywa inachacha. Wajomba wakatoka Kibosho, shangazi wakavaa sare, mimi nikasukwa nywele mpaka kichwa kikaniwaka moto. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Ndipo ukaingia ujumbe kwenye simu: "Tusamehe, leo haitawezekana. Nitaeleza." Basi. Nikapiga, simu imezimwa.

Wajomba walikunywa ile mbege kimya kimya kama wako matangani. Baba hakuigusa. Alivua koti lake jipya, akalikunja vizuri, akasema, "Watu hao wasikanyage hapa tena. Wewe ukimtaka mfuate, lakini mimi usinihesabu." Nililia usiku kucha kwa hasira. Nilimtaka yule kijana na nilimtaka baba yangu, na sasa nilikuwa nimeambiwa nichague mmoja.

Alipokuja dukani nilimpokea kwa maneno ambayo mama alitoka stoo kuja kuyazuia. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwamba alfajiri ya siku ile mzee wa rika moja na baba yake, mtu waliyetahiriwa naye, alifariki, na baba yake akakataza wasituambie sababu. Habari ya kifo, alisema, haipelekwi kwenye nyumba inayongoja posa. Ingetuletea mkosi.

"Kwa hiyo mkaona heri mtutie aibu?"

"Baba aliona hivyo. Aibu inaombewa radhi."

Nilimfikishia baba maneno hayo. Akasema pole kwa msiba, na geti likabaki limefungwa.

Jumapili moja tumetoka misani, tunakula, mbwa akabweka. Nje ya geti alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye shuka begani na fimbo kwapani. Nyuma yake, fundi wangu. Mzee hakubisha hodi. Alisimama tu, ameshika mbele yake majani mabichi ya kawaida, ya kung'oa njiani.

Baba akachungulia kutoka barazani. "Anataka nini na majani? Mwambieni hapa hatufugi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakimbilia getini nikamuuliza mwenzangu kupitia kwenye nondo, wamekuja na nini hiki, wanataka baba awacheke? Akajibu taratibu kwamba kwao anayeomba amani anashika majani, kwa kuwa ndiyo uhai wa ng'ombe, na mtu akiletewa majani hawezi kuendelea na ugomvi.

Nikarudi barazani mbio, hata kiatu kimoja kimenivuka.

"Baba, ile ni isale."

Meza nzima ikaacha kula. Isale ni jani letu Wachaga, tunalipanda mipakani na makaburini, na aliyekukosea akikuletea hilo, huna ujanja, unasamehe. Baba mwenyewe aliwahi kumsamehe mdogo wake ugomvi wa shamba kwa jani hilo.

"Isale gani? Yale si majani ya ng'ombe?"

"Ndiyo isale yao, baba."

Mama akaingia ndani, akatoka na lile koti. Baba akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaenda getini. Yule mzee alipomwona akainamisha kichwa, naye ni mkubwa kwa baba kwa mbali. Baba akashtuka.

"Hapana, mzee, usifanye hivyo. Shikamoo."

"Marahaba," mzee akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta. "Mimi ndiye nilikataza. Kijana hana kosa." Akapitisha majani kati ya nondo.

Baba akayapokea. Kisha akanigeukia, akaniuliza palepale, majirani wanachungulia, swali ambalo binti anapaswa kuulizwa sebuleni mbele ya wageni na vinywaji:

"Unawajua watu hawa? Niwapokee?"

Mimi mwenye mdomo! Machozi yananitoka, kamasi zinanitoka, na baba ananisubiri, na yule kijana ameshika nondo kwa mikono yote miwili, hanitazami.

"Wapokee, baba," nikasema. "Nampenda."

Kwetu neno hilo binti halisemi mbele ya baba yake. Baba alikohoa, akaanza kuhangaika na komeo la geti. Lilimshinda, kwa sababu alikuwa akilifungua kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa na majani, na hakutaka kuyaweka chini.