Dawa Niliyoizuia Mwezi wa Ramadhani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnapenda kubishana kama mgonjwa wa akili akimkata mtu panga ana kosa au hana. Bishaneni. Lakini ulizeni kwanza nani alikuwa akiishi naye. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Ni mwanangu wa mwisho.

Ugonjwa ulimwanza ukubwani. Alisikia watu wakimsema ukutani, na ukutani hapakuwa na mtu. Tulizunguka kwa waganga, tukachinja kuku mpaka banda likabaki tupu. Mwishowe zahanati wakampa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja usiku. Akatulia. Miaka mitatu alipalilia mikorosho yangu vizuri kuliko kaka zake, wala hakumkosea mtu hata kwa neno. Hilo nalo mlishike, maana watu wakisikia kichaa wanaona panga tu.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Katika nyumba yangu mtu hali mchana. Mwenye homa tunamshika shingo mara mbili, tujue kama ni homa kweli. Miaka ya nyuma alijificha chumbani kula; mwaka ule nikamkuta mwanangu, mwanamume mzima, anakunywa uji asubuhi ili ameze kidonge, maana bila chakula kilikuwa kinamtapisha. Wajukuu wamesimama wanamtazama. Niliona aibu.

"Mama, nesi kasema nisiache hata siku moja."

"Nesi ndiye atakayekujibia kaburini? Kiache mpaka Idi."

Akakiacha. Na cha usiku akakiacha, sikumuuliza. Kwamba mgonjwa amesamehewa kufunga nilikuwa najua, nimelisikia tangu mtoto. Lakini mgonjwa niliyemjua mimi ni yule aliyelala kitandani. Huyu alikuwa anatembea, anabeba magunia.

Wiki ya tatu, asubuhi, jirani yangu, mwanamke wa rika langu, alikuja kuteka maji kisimani kwetu kama siku zote. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde, ni watani; kutukanana ndiyo salamu yetu. Mwanangu alikuwa amekaa mlangoni na panga la kufyekea. Akasema, "Huyu ndiye anayetutilia sumu kisimani." Nikadhani anatania, nikacheka. Alipoinuka sikuwahi kumshika. Jirani alijikinga uso kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vilikatika, cha tatu mpaka leo hakikunjiki.

Kesi ilikwenda Mtwara mjini. Madaktari walimpima, mahakama ikasema kitendo amekitenda, ila siku ile akili yake haikuwa sawa. Akapelekwa hospitali ya mbali wanakowekwa wenye kesi kama hiyo. Kijijini wakagawanyika. "Kichaa hana dhambi, muacheni." "Kichaa gani anachagua? Mbona hakumkata mama yake?" Mimi niliyasikia yote nikanyamaza. Nilikuwa najua jambo ambalo mahakamani hawakuniuliza.

Jirani hakukanyaga tena kisimani kwetu. Kwa hiyo nikawa nampelekea maji, ndoo mbili kila asubuhi. Natua, naondoka. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamwambia, "Dawa niliizuia mimi, kwa ajili ya funga."

Akaniambia, "Basi ungekatwa wewe."

"Kweli."

"Usiniambie kweli. Kesho niletee ndoo tatu."

Nilimpelekea tatu, miaka minne.

Ndipo ikaja barua kwamba mwanangu amepata nafuu, anaweza kurudi iwapo ana ndugu wa kumsimamia dawa. Mwenyekiti wa kijiji akanijia, hakuzunguka. "Bibi, ndugu upo. Lakini jirani yako akikataa, huyu hatalala hapa hata siku moja. Mtafutie pa kumpeleka." Pa kumpeleka sikuwa napo. Kaka zake walikwisha kusema hawamtaki. Jirani alipoulizwa alijibu neno moja: aje kwanza nimwone.

Siku aliyoteremka kwenye bajaji hatukupita nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa jirani. Alikuwa uani, mbele yake korosho zilizokwisha kukaangwa, jiwe na kinyundo. Kubangua ndiko kulikomlisha kabla ya kuumia. Kinyundo alikuwa bado anaweza kukinyanyua. Korosho ndiyo hakuwa na mkono wa kuishika juu ya jiwe.

Mwanangu akampigia jirani magoti. "Mama, nilikuwa mgonjwa."

"Najua, mahakama iliniambia. Na vidole vyangu navyo vilikuwa vinaumwa?"

Nilitaka kumsaidia kujibu. Jirani akanizuia kwa jicho.

Mwanangu akasema, "Nilikukata mimi. Ulikuwa mkono wangu. Nisamehe, mama."

"Hapo sasa umesema." Akanigeukia. "Nilijua nyie Wamakonde mnachonga mpingo, mtani. Sikujua mnachonga na watu."

Miaka minne sikuwa nimesikia utani wake. Nilicheka na machozi yananitoka.

Akamwambia mwanangu, "Paka majivu mikononi, utaungua na mafuta ya maganda. Haya, shika korosho." Mwanangu akaishika juu ya jiwe. Jirani akanyanyua kinyundo, akakisimamisha juu.

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Nami nakuogopa. Usitikisike."

Akapiga. Ganda likapasuka, korosho ikatoka nzima. Mwanangu akashika nyingine.

Jioni ile alimwambia mwenyekiti, "Aishi kwao. Ila panga lisilale nyumba moja naye." Mapanga yetu yote yako kwa mwenyekiti, tunakwenda kuyachukua siku ya kufyeka. Mwanangu huenda kubangua naye kila asubuhi. Kabla hajagusa kinyundo, jirani humuuliza, "Umemeza?" Akisita anarudishwa kwangu. Mwezi uliopita jirani alikuja mwenyewe kisimani na ndoo yake, akalalamika kamba yangu imechakaa.

Mahakama haikukosea. Bila ugonjwa ule mwanangu asingemgusa. Lakini mahakama ilimaliza kazi yake, na vidole havikurudi, na mtu wa kumwambia jirani nisamehe alikuwa bado hajapatikana. Ugonjwa haupigi magoti, vijana. Mtu ndiye anayepiga. Na mimi nilipiga yangu, kwa ndoo za maji.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama tena, niliwakusanya wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kesho asubuhi uji wa huyu uwe barazani, na kidonge chake pembeni. Atakula palepale, mbele ya wapita njia, siku zote za mwezi. Atakayemwambia neno, futari akatafute nyumba nyingine."