Mzee Alfajiri Harushi Dadu

Dobi hakuwa mtu wa kutapika ovyo. Kazi ilikuwa imeshamkomaza tumbo. Mashati ya wakubwa yalipoletwa dukani kwake, yeye ndiye aliyeziinamia kola: ule utando wa kahawia wa shingo zilizonona, marashi juu, jasho chini, kama keki iliyochacha. Alizisugua kwa brashi huku anatafuna karanga. Kuna siku alikuta meno ya bandia kwenye mfuko wa suruali ya meneja mmoja, yameng'ang'ania bazoka iliyokwisha kutafunwa. Akayabandua, akayaosha, akayafunga kwenye karatasi safi na kuyarudisha kwa tabasamu. Hakukuwa na uchafu wa binadamu uliomshinda.

Ila Mzee Alfajiri alimshinda. Na Mzee Alfajiri hata hakuwepo duniani.

Alikuwa mchawi wa mchezoni. Kila Jumapili mchana, duka likishafungwa, watu wanne walikaa kuizunguka meza ya kupigia pasi, makoti yaliyovikwa nailoni yakiwaning'inia vichwani, wakacheza safari ya kubuni. Watatu kati yao kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyemtunga. Kinyozi wa duka la pili alikuwa mwizi mwenye nyayo laini. Mume wa Dobi, fundi viatu, alikuwa mpiga mishale ambaye mishale yake iliogopa shabaha. Dobi alikuwa Nyigu, mwanamke mfupi mwenye shoka na kinyongo. Ukitaka kufanya jambo gumu, unarusha dadu ya pande ishirini: ikija namba kubwa umefaulu, ikija ndogo umeumia, na hakuna wa kumlalamikia. Wa nne alikuwa shemeji yake Dobi, kaka mkubwa wa mumewe. Huyo ndiye aliyesimulia dunia yenyewe na kuwasemea wote wasiokuwa na mchezaji: wauza mboga, majambazi, wafalme, mbwa.

Na Mzee Alfajiri.

Kazini, Shemeji aliandika hotuba za mkurugenzi wa idara ya maji. Wiki nzima alitunga maneno ya kinywa cha mwenzake, kisha akasimama nyuma ya kipaza sauti kumshikia miwani. Pengine ndiyo maana, ikifika Jumapili, alimtoa mchawi mwenye ndevu za fedha mpaka magotini, joho lisiloshika vumbi, na sauti nzito ya kunguruma ambayo hakika aliiazima kwa mkurugenzi bila ruhusa. Dobi hakujali sababu. Yeye alijali kwamba mambo yakianza tu kunoga, mzee huyo hapo. Walihangaika mchana mzima kufunga daraja la kamba, Mzee akatokea, akaukausha mto. Walimvizia jambazi mpaka wakamtia kamba, Mzee akatokea, akamsamehe, tena akawahutubia wote kuhusu umuhimu wa kusameheana. Siku moja Kinyozi aling'ang'ana na kifuniko cha chupa ya dawa, mwanga ukawaka, Mzee akakifungua.

"Shemeji, hata kifuniko?" Dobi aliuliza.

"Ndiye mchawi mkuu wa bara zima, shemeji yangu. Hawezi kukaa tu akiangalia watu wakiteseka."

"Bara zima halina shughuli nyingine? Hakuna vita huko? Hakuna tauni?"

Mumewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Shemeji ndiye aliyemlea huyo fundi viatu tangu wazazi wao walipofariki, na katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumbishia.

Kilichomfanya Dobi avumilie ni joka. Siku ya kwanza kabisa ya mchezo, joka lilichoma kijiji cha Nyigu, na mama yake Nyigu ndani yake. Tangu hapo Dobi aliomba kitu kimoja tu katika dunia ile: likipatikana, liwe lake. Likimshinda, basi limshinde yeye.

"Ni lako," Shemeji aliapa. "Mzee simleti. Haki ya nani tena."

Jumapili yenyewe ikafika. Wakaingia pangoni. Dobi akarusha dadu: kumi na saba! Shoka likazama shingoni mwa joka, chini ya gamba. Shemeji akarusha ya joka: mkia ukamvunja Nyigu mkono. Dobi akapiga meza kwa furaha. Kuvunjwa mkono hasa, na adui anayejitafutia namba zake mwenyewe!

"Nahamishia shoka mkono wa kushoto," akasema, vidole vikiifuata dadu.

Shemeji akasafisha koo.

"Usithubutu," Dobi akasema.

"Ghafla, mwanga wa dhahabu..."

"Shemeji, uliapa."

"...ukalijaza pango lote."

Shemeji akasimama. Kifua mbele, tumbo likiburuzwa juu ya meza, mkono mmoja ukizipapasa ndevu zisizokuwepo. Midomo ilikuwa imelowa. Kila alipotamka "wanangu", tone la mate lilitua kwenye blanketi la kupigia pasi, na Dobi akaliona linavyonywea taratibu kwenye sufu.

"Wanangu, mmejitahidi," Mzee akanguruma. "Nimekuwa nikiwatazama kwa mbali. Nawashukuru, na naomba nichukue fursa hii..."

Akaichukua. Akaizungusha, akaitafuna, akaimeza, akaicheua. Akasimulia ujana wake. Joka lililokula vijiji likakaa kimya na shoka lake shingoni, mfano wa wanafunzi waliopangwa juani kumsubiri mgeni rasmi. Dobi akahisi kitu cha uvuguvugu kinapanda kooni, kichungu, kizito, akakirudisha chini kwa nguvu. Hotuba ikaisha.

Kinyozi akapiga makofi.

"We!" Dobi akamgeukia.

"Samahani, dada. Mikono imejiendea yenyewe. Si unajua, mtu akishazoea..."

Hapo ndipo tumbo lilipochafuka sawasawa. Mzee mmoja alivumilika, kwa kuwa ni wa kubuni. Makofi yalikuwa ya kweli.

"Shemeji," akasema polepole, "Mzee anarusha dadu?"

"Mzee Alfajiri harushi. Anatenda."

"Hajawahi kukosa?"

"Akose vipi, na yeye ndiye Mzee?"

"Joka je?"

"Joka linarusha. Ni sheria."

"Basi Nyigu anahamia kwa joka."

Mumewe akaduwaa. "Mama watoto, hilo si ndilo lililomchoma mama yako?"

"Lilimchoma, na kisasi changu kilikuwa palepale mpaka huyu alipokuja kunipapasa kichwa. Nachomoa shoka, naligeuzia joka mgongo, namwangalia Mzee, namkata."

Akarusha. Dadu ikayumba ukingoni, ikatulia: ishirini. Kinyozi akashika mdomo. Shemeji hakuitazama hata dadu yenyewe.

"Shoka linapita kwenye mwili wa Mzee kama linapita kwenye moshi," akasema. "Mzee anatabasamu. Anakuhurumia."

"Ananihurumia!"

"Na joka," Shemeji akaendelea, sasa amenuna, "halijui habari za usaliti wako. Linaona mgongo, linaona nyama." Akarusha: kumi na tisa. "Jiokoe."

Dobi akarusha. Tatu. Meno yakafunga, Nyigu akashuka kooni mwa joka, shoka lake mkononi.

Dobi akaitazama ile tatu kwa muda. Ilikuwa ndogo, mbaya, na yake. Akashusha pumzi.

Shemeji naye akaingiwa na huruma, au na hofu ya chakula cha jioni ambacho Dobi ndiye angekipika. Akaituliza ile sauti ya kunguruma, akanyoosha kiganja chenye unyevu juu ya meza, kumwelekea utosini. "Usiogope, mwanangu. Mzee atalipasua joka, atakutoa tumboni, atakufufua, na atakuvika..."

"Mwambie akinigusa namtapikia ndevu."

"Shemeji, utakufa kabisa! Tumboni mle kuna nini?"

"Kuna giza, kuna uozo, kuna mifupa ya watu waliopigana. Niache nao."

Kiganja cha Shemeji kilibaki hewani, hakijui pa kwenda. Fundi viatu akakitazama, kisha akamtazama mkewe. Akaivuta dadu kwake.

"Kaka," akasema, sauti ikimtetemeka kidogo, "joka bado lina njaa?"