Mashada Niliyofunga Kabla ya Kuingia Bucha

Nilipoamua kuacha kuuza maua ili niende kuuza nyama, watu wa Nyeri mjini walinipa pole. Wale wa Othaya, kwetu, walinipa hongera. Nilisema asante kwa wote nikaendelea kufagia.

Duka langu halikuwa duka hasa. Lilikuwa veranda ya duka la vitambaa la mama mmoja Mhindi, mjane, aliyenipa nafasi kati ya mlango wake na ukuta wa jirani. Nilikuwa na meza, mkasi, waya, tepe na ndoo za bati. Mama huyo alinikaribisha akiamini kwamba maua yatavuta wateja. Baada ya muda aliona kwamba yanavuta nyuki. Aliniambia hivyo, bila hasira, kisha akanunua wavu wa kufunika mlango wake na hatukulizungumzia tena.

Kazi nilifunzwa na watawa shuleni. Mtawa mmoja mzee ndiye aliyesimamia maua ya altareni, na alishikilia kwamba ua lazima limtazame Mungu. Kwa hiyo tuliyaelekeza yote kwenye altare, na waumini wa parokia ile wakaabudu miaka mingi wakitazama vikonyo. Hakuna aliyelalamika. Nadhani walidhani ndivyo maua yanavyowekwa Ulaya.

Nilimaliza shule miaka michache baada ya uhuru. Wenzangu walikwenda kusomea ualimu na uuguzi. Mimi nilikuwa najua kufunga maua, na wakati huo maua yalikuwa bure. Wazungu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na waliochukua mashamba hayo walikuwa wanang'oa mawaridi ili wapande viazi. Mtu akijitokeza kuwasaidia kung'oa walifurahi sana. Niliyabeba mawaridi, gladiola na dalia hadi kwetu, nikamwomba baba mahali pa kuyapanda.

Baba alikuwa na bucha katika soko la Othaya na shamba la kahawa lililoteremka hadi mtoni. Aliuliza kama ng'ombe wanakula hayo maua. Nikasema hapana. Akauliza kama watu wanayala. Nikasema hapana. Alinionyesha sehemu yenye mawe.

Siku za mwisho pale verandani, wateja wakiwa wamepungua, nilipata nafasi ya kukumbuka mashada yangu. Mengi nimeyasahau. Harusi zilifanana: gladiola kwenye meza, mayungiyungi meupe mkononi mwa bi harusi, kangaga kila mahali. Nakumbuka moja ambapo mbuzi alikula shada wakati mpiga picha akiwapanga mashangazi. Bi harusi alikataa kupigwa picha akiwa mikono mitupu. Ile picha iliwekwa kwenye fremu na imetundikwa sebuleni kwao hadi leo, bi harusi akiwa ameshika vikonyo vitupu, wima, kama mtu aliyekabidhiwa mwenge.

Lakini yako mashada mawili ambayo ningependa kuyafunga tena.

La kwanza lilikuwa la mazishi. Mzee mmoja kutoka Tetu alikuja asubuhi yenye ukungu, akiwa na koti la mvua na gunia linalodondosha maji. Alilimwaga mezani. Yalitoka maua meupe yenye mstari mwekundu, na chini ya kila ua kulikuwa na majani yake, mizizi yake, na kiazi kikubwa kama kitunguu, pamoja na udongo. Nilirudisha mkono wangu nyuma mara moja. Lilikuwa itoka.

Kwetu, itoka hupandwa kwenye mpaka kati ya shamba la mtu na la jirani yake. Si la kuchezea. Mtoto akilikanyaga anachapwa, na mtu mzima akiling'oa anaitiwa wazee. Mzee alinieleza kwamba jirani yake amefariki, na kwamba wao wawili walikuwa wamegombania mpaka huo tangu wakiwa vijana. Kila mmoja alidai mwenzake aliyasogeza maua usiku. Walipelekana kwa wazee, wakapelekana kwa chifu, wapima ardhi wakaja, na ugomvi ukabaki pale pale. Sasa alitaka shada, na alitaka litengenezwe kwa maua hayohayo.

Nilimuuliza kama ameomba ruhusa.

"Nimuombe nani?" alisema. "Wa kuombwa ndiye amekufa."

Nikamwambia nitakata vikonyo nimrudishie mizizi. Alikataa. Alisema yaende mazima. Nilipomuuliza niandike nini kwenye utepe, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akafikiri muda mrefu sana, mpaka mama wa vitambaa akamletea chai. Hatimaye akasema, "Andika jirani." Nikaandika hivyo tu, JIRANI.

Lilikuwa shada zito kuliko yote niliyowahi kufunga. Nilisuka duara la waya nene, nikalivika matawi ya saipresi, nikayafunga matoka maua yakiwa juu na viazi vikining'inia chini. Hakuweza kulibeba peke yake, kwa hiyo nilikwenda naye mazishini.

Watu wa kijiji kile walilitambua kabla hatujafika karibu. Wakarudi nyuma kutupisha. Mchungaji, ambaye alikuwa mgeni huko, alisifu maua akasema hajaona mazuri kama hayo. Mjane alilitazama shada, akamtazama mzee, akalipokea kwa mikono miwili. Kaburi lilipofunikwa, kabla hata watu hawajaanza kula, aliomba panga. Alikata waya wangu wote, akayakusanya matoka kwenye kanga yake, akateremka shambani na wakaza wanawe. Nilimwona akipima kwa macho, kisha akayapanda moja moja kwa mstari.

Mzee alisimama kando yangu akitazama. Baadaye kidogo aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Amepanda pale nilipokuwa nasema mimi."

Yaani mjane alikuwa amemwachia kile kipande chote. Nilidhani mambo yamekwisha vizuri, nikarudi mjini. Mwezi uliofuata mzee alipita verandani kunisalimu. Alisema hakuweza kulala. Alikuwa ameyang'oa matoka na kuyapanda pale alipokuwa akidai marehemu. Mjane alipoona hivyo aliyarudisha. Naye akayasogeza tena. Walikuwa wamepelekana kwa wazee upya, kila mmoja akidai ardhi ni ya mwenzake, na wazee walikuwa wamechoka kuliko zamani. Mwishoni waliyapanda katikati wakawakataza wote wawili kukaribia na jembe. Nilimuuliza kama ameridhika. Alisema hapana, lakini mjane pia hajaridhika, kwa hiyo wanasalimiana.

Shada la pili halikuwa shada. Kilikuwa kikuba, kile kishada cha maua yenye harufu anachovaa mwanamke kifuani, au tuseme vikuba vingi.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Majengo aliyeuza mahamri karibu na msikiti. Nyanya yake alikuja kutoka pwani, na ingawa bibi huyu alizaliwa Nyeri na kuota baridi ya Nyeri maisha yake yote, Kiswahili chake kilikuwa kile cha huko. Changu kilikuwa cha bara. Siku ya kwanza nilimwambia, "Niko na maua mingi." Aliketi, akanifundisha kusema nina maua mengi, kisha akaeleza shida yake. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, naye alitaka avalishwe asmini kichwani na kifuani, kama alivyovalishwa yule nyanya wa pwani.

Nilimwambia asmini haioti kwetu, ila nina gladiola nzuri.

"Mwanangu," alisema, "bi harusi hatavaa rungu kichwani."

Nilifikiri siku nzima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juma lililopita, na jioni hiyo nilipokwenda Othaya kuwaona wazazi nilikuta shamba la baba limekuwa jeupe lote. Kahawa ilikuwa imechanua. Inachanua siku chache tu, na harufu yake ukifumba macho ni asmini kabisa. Nilikuwa nimekua ndani ya harufu ile bila kuijali. Nilirudi nikamwambia bibi. Hakuamini. Alikuwa amekunywa kahawa tangu utotoni na hakujua kwamba ina maua.

Kazi ilikuwa kumwambia baba. Nilimkuta buchani akinoa kisu. Nilieleza. Aliendelea kunoa.

"Unajua ua ni nini?" aliniuliza. "Ua ni kahawa ambayo haijaiva. Ukichuma ua umechuma kahawa. Na mtu wa chama cha kahawa akipita aone matawi matupu, nitamwambia nini?"

Alisema hapana. Nilirudi mjini na jibu hilo, na bibi alilipokea kwa adabu. Alisema basi bi harusi atavaa mtandio tu, na Mungu anajua.

Asubuhi ya harusi nilikuwa nafungua ndoo zangu nilipomwona baba anakuja barabarani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amebeba beseni la bucha lililofunikwa majani ya mgomba. Aliliweka mezani. Lilikuwa limejaa maua ya kahawa, yamenyunyiziwa maji, yamepangwa bila hata moja kupondeka.

"Nimechuma mimi na mama yako," alisema. "Wewe ungevunja matawi."

Tulikwenda Majengo pamoja. Mimi niliingizwa ndani kwa wanawake, tukaketi mkekani na sindano na uzi, tukatunga. Chumba kizima kilinukia. Nilimpa bibi kikuba cha kwanza, akakipeleka puani, akakaa hivyo. Mwishowe alisema tu kwamba nyanya yake alinukia namna ile, na kwamba alikuwa amesahau kuwa amesahau. Halafu akapenga kamasi na kutuhimiza, kwa sababu maua ya kahawa hayangoji. Kufikia adhuhuri yangekuwa rangi ya chai. Bi harusi alitoka nje yakiwa bado meupe. Aliyavaa kichwani, kifuani na mikononi, na wazee waliokuwa barazani wakageuza shingo kabla hawajamwona.

Nilimkuta baba nje, ameketi na mchinjaji wa Majengo mbele ya sinia la pilau. Walikuwa wanazungumza juu ya visu. Hakuuliza habari za bi harusi. Tukiwa njiani kurudi aliuliza kama wale watu wamefurahi, nikasema ndiyo, akasema pilau ilikuwa na nyama nzuri.

Msimu ule, mstari wa kahawa ulio karibu na mto haukuzaa chochote. Mtu wa chama alipopita akauliza umekuwaje, umeugua?

"Hapana," baba alimjibu. "Huo umevaliwa."

Mtu wa chama aliuliza maana yake. Baba alimwambia ameshajibu.

Baadaye miguu ya baba ilianza kuvimba. Daktari alimkataza kusimama, na bucha ni kazi ya kusimama. Ndugu zangu wa kiume wote walikuwa na ofisi Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kurudi kushika shoka. Baba aliwaita nyumbani Jumapili moja akatangaza kwamba atafunga. Walikubaliana naye haraka sana. Niliona uso wake walipokubali. Alikuwa ametaka wabishe angalau mpaka chai ipoe.

Nikasema nitachukua mimi.

"Mwanamke hauzi nyama," baba alisema.

"Mwanamume hachumi maua," nilisema.

Ndugu zangu hawakuelewa. Mama alielewa, akainuka kwenda kuongeza maziwa. Baba alitazama miguu yake, kisha akaniuliza kama najua kutofautisha sarara na paja. Sikujua. Alisema basi nije Jumatano.

Kwa hiyo niligawa mawaridi yangu kwa yeyote aliyetaka, nikamwachia mama wa vitambaa gladiola za mwisho. Aliziweka dirishani mpaka zikakauka, na hata zilipokauka hakuzitoa. Ndoo nilizibeba. Ndoo nzuri ya bati haiachwi, na kwenye bucha zikawa za matumbo.

Baba alinifundisha akiwa ameketi kwenye benchi mlangoni, miguu juu ya kreti. Mwanzoni nilikata polepole, nikizungusha kisu, nikitafuta upande mzuri wa kila kipande.

"Usikate kama unakata ua," aliniambia. "Nyama haisikii uchungu."

Miezi ya kwanza wanaume wa soko walichungulia, wakaniona, wakaenda bucha ya pili. Bucha ya pili ilikuwa ya mtu mwenye mkono mzito wa mifupa, na mmoja mmoja walirudi. Walikuwa wanamsalimu baba kwanza, kisha wananiagiza kupitia kwake, kana kwamba mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Baba alikuwa anarudia maneno yao kwangu kwa upole, "Anataka mbavu," nami nilikuwa nakata mbavu. Tuliendelea hivyo muda mrefu. Mwishowe siku moja baba alikuwa amesinzia, na mzee mmoja, baada ya kungoja aamke bila mafanikio, alikohoa akanitazama usoni.

"Habari ya kazi, mama," alisema. "Nipe maini."

Nikampimia maini.